Kwa nini mti hautoi sukari yake kirahisi

Mgema akishusha tembo la mnazi, hamira ya hewani huanza kazi papo hapo, kwa kuwa sukari iko wazi. Mbao nazo zina sukari nyingi, ila imefungwa. Ndipo ugumu wa kutengeneza ethanoli kutokana na miti ulipo.

Ubao una vitu vitatu vikuu: selulosi, ambayo ni minyororo ya sukari, hemiselulosi inayoizunguka, na lignini, inayoushikanisha mti kama gundi. Lignini ndiyo huzuia vimeng'enya visiifikie selulosi.

Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo kuhusu mpopla wa porini. Kiwango cha lignini kilitofautiana mti kwa mti, kutoka takriban asilimia 16 hadi 28. Bila kuupika ubao kwanza, sukari iliongezeka sana pale lignini iliposhuka chini ya asilimia 20. Ulipopikwa kwa maji ya moto mkali, aina ya lignini nayo ilihesabika: vipande viitwavyo S vilipozidi vile vya G mara mbili au zaidi, sukari ilitoka kwa wingi, hata lignini ikiwa nyingi. Tena kulikuwa na miti ya wastani kwa vipimo vyote viwili iliyotoa sukari kupita kiasi. Kumbe lignini si kizuizi pekee.

Kwa hivyo nasema: atakayetaka ardhi yetu ya Pwani apande miti ya mafuta, tusimuulize ekari pekee. Tumuulize mti gani, na umepimwa sukari kiasi gani.