Rafadha na Adui Zake

Wenye kalamu waziweke tayari, na msomaji wa kikundi asome polepole, ili hata mwenzake aliyeanza juzi apate kufuata.

Somo letu la leo ni historia ya kitu kisichoonekana chombo kinapokwenda, nacho ni rafadha. Rafadha ni ule mtambo wenye mapanga mawili, matatu au zaidi, uzungukao chini ya maji nyuma ya chombo na kukisukuma mbele. Wengine huiita pangaboi. Tujiulize: kwa nini kitu chenye nguvu ya kusukuma mashua nzima hushindwa na kipande cha kamba? Na watu wamefanya nini ili kukilinda?

Meli za kwanza za moshi hazikuwa na rafadha. Mwaka 1807, Robert Fulton wa Marekani alianza kuchukua abiria katika mto Hudson kwa meli yenye magurudumu makubwa ubavuni. Magurudumu hayo yalionekana na kila mtu, na gogo likiyakaribia, nahodha aliliona. Lakini baharini yalileta taabu. Meli ikilala upande, gurudumu moja huzama mno na la pili hupiga hewa. Tena vitani, mzinga mmoja uliweza kuyavunja.

Mwaka 1836 watu wawili walipata hati za uvumbuzi huko Uingereza, kila mmoja kwa njia yake. Wa kwanza ni Francis Pettit Smith, mkulima Mwingereza. Wa pili ni John Ericsson, fundi kutoka Sweden. Wote walitaka kitu cha kuzunguka chini ya maji. Rafadha ya Smith ilikuwa ya mti, imejipinda kama parafujo ndefu. Mwaka 1837, alipoijaribu katika mfereji wa Paddington, London, kipande chake kilivunjika. Ajabu, mashua ikaenda mbio kuliko kwanza! Smith akajua kwamba parafujo fupi ni bora. Mwaka 1845 jeshi la maji la Uingereza lilizifunga meli mbili tezi kwa tezi, zivutane. Rattler, yenye rafadha, iliikokota Alecto, yenye magurudumu, ikirudi kinyumenyume.

Basi angalieni jambo hili. Rafadha ilifichwa majini ili isalimike na mawimbi na mizinga. Lakini hapo ilipofichwa, macho ya nahodha hayafiki. Haoni kamba, mwani wala wavu mpaka mashine inapolia na kusimama. Kinga ya adui mmoja ikawa mlango wa adui mwingine.

Mafundi hawakukata tamaa. Kwa ajili ya mito yenye maji haba, watengenezaji wa Uingereza kama Thornycroft na Yarrow waliinua sakafu ya chombo upande wa tezi, ukawa mvungu, na rafadha ikazunguka ndani yake. Kwa hiyo haikuning'inia chini kuliko chombo chenyewe, na mawe na mchanga havikuigusa upesi.

Baadaye ikaja mashine ndogo ya kufungwa nyuma ya mashua. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani, hakuwa wa kwanza kuitengeneza, lakini ile aliyoanza kuiuza mwaka 1909 ilisaidia sana kuieneza. Katika nyingi za mashine hizo rafadha ilishikwa na pini ya chuma laini. Rafadha ikigonga jiwe, pini hukatika na mashine husalimika, kama mjusi aachaye mkia ili aokoe roho yake. Mvuvi mwenye busara alichukua pini za akiba. Siku hizi, mahali pa pini, mashine nyingi zina mpira ndani ya kitovu cha rafadha.

Huko New Zealand, William Hamilton aliiondoa rafadha ya nje kabisa. Mwaka 1954 alitengeneza mashua inayovuta maji kwa chini na kuyarusha nyuma kwa nguvu. Ilipita juu ya mito ya mawe yenye maji kidogo. Hata hivyo, majani yakiziba tundu la kuvutia maji, nayo husimama.

Adui pia walibadilika. Zamani kamba za makumbi na katani zilioza. Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1935, na katika miaka ya 1950 nyavu zake zilifika Ziwa Victoria. Nailoni haiozi upesi. Ikizunguka kwenye mhimili wa rafadha hupata moto, ikayeyuka na kuganda. Uzi mwembamba wa mshipi ukipenya nyuma ya rafadha huweza kukata mpira wa kuzuia mafuta, maji yakaingia katika gia. Kisha katika miaka ya 1990 magugu maji, yenye asili ya Amerika ya Kusini, yaliziba sehemu nyingi za ziwa hilo, hata bandari za Kisumu na Port Bell.

Msidhani hili ni jambo la wavuvi tu. Mwezi wa Agosti 2005, nyambizi ndogo ya Urusi, AS-28, ilinaswa na nyavu na nyaya karibu na Kamchatka, katika kina cha mita 190 hivi. Watu 7 walikuwa ndani, na hewa ilikuwa ikipungua. Baada ya siku tatu hivi, chombo cha Uingereza kisicho na mtu kilizikata nyavu, na wote 7 wakaokoka.

Leo vipo visu vidogo vya kufungwa kwenye mhimili, vikate kamba kabla haijajizungusha. Vipo pia vizimba vya kuizunguka rafadha. Lakini kizimba hupunguza mwendo, na chenyewe hunasa majani. Hakuna kinga isiyo na gharama.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni wewe. Weka mtu gubetini atazame maboya na nyavu. Usiache kamba ikining'inia majini. Rafadha ikinaswa, zima mashine mara moja, wala usijaribu kuikata kamba kwa kuongeza nguvu. Tia nanga ikiwa upepo unakupeleka mwambani. Hakikisha mashine haiwezi kuwaka, kisha iinue, na uifungue kamba kinyume cha ilivyojizungusha. Uwe na kisu kikali na makasia chomboni. Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini rafadha iliwekwa chini ya maji, na jambo hilo lilileta hatari gani mpya?
2. Pini ya chuma laini ilifanya kazi gani?
3. Zungumzeni: katika maji ya kwenu, ni kitu gani hunasa rafadha mara nyingi, na nani angeweza kukiondoa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.