Kurukaruka kwa boti ndogo za alumini katika Ziwa Victoria

Kurukaruka ni mwendo wa boti ya mashine ambayo ikishika kasi huinua na kushusha pua kwa mpigo mmoja usiokoma, hata maji yakiwa shwari. Hutokea kwenye boti za kupanda maji, yaani zile ambazo mwendo ukizidi huacha kuyapasua maji na kubebwa juu yake, zikiyagusa kwa sehemu ya nyuma tu ya tumbo. Kwenye mialo ya Mwanza, ambako mtumbwi wa mbao ndio unaotawala, boti ndogo za alumini ni chache, na sababu zinazotajwa za hitilafu hii huwa nyepesi: mashine ina nguvu mno, alumini haina uzito, ziwa lina mawimbi. Kila moja ina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayoeleza kwa nini boti ileile, kwa mashine ileile na mwendo uleule, hutulia abiria mmoja akihamia mbele. Tukio hilo dogo ndilo ushahidi mkuu. Linaonyesha kwamba chanzo cha kawaida ni mahali uzito ulipokaa na pembe ambayo mashine inasukumia, na kwamba matengenezo yanapaswa kuanzia hapo, kabla ya kununua au kuchomelea chochote.

Boti iliyopanda maji hushikiliwa na nguvu mbili: uzito wake unaovuta chini, na msukumo wa maji unaoinyanyua kupitia eneo la tumbo lililolowa. Pua ikiinuka kidogo, tumbo huyakabili maji kwa pembe kali zaidi, msukumo huongezeka na boti hupanda. Ikipanda, eneo lililolowa hupungua na kubaki nyuma tu, nyuma ya kitovu cha uzito, na hapo pua haina cha kuishikilia; huanguka. Ikianguka, maji hulowesha tumbo hadi mbele, msukumo husogea mbele, na pua hurushwa tena. Boti yenye uwiano mzuri huuzima mchezo huu wenyewe ndani ya mipigo miwili au mitatu. Boti ambayo pua yake imeinuka kupita kiasi haiuzimi, na kila mpigo hulisha unaofuata. Mwaka 1952 watafiti Day na Haag, nchini Marekani, walipima jambo hili kwa vielelezo vidogo vya boti, wakaonyesha kwamba kwa kila mwendo na mzigo kuna pembe ya kuinuka ambayo ikivukwa boti huanza kurukaruka. Mhandisi Daniel Savitsky wa Taasisi ya Stevens aliingiza mipaka hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1964 kuhusu boti za kupanda maji, ambayo wabunifu wanayatumia mpaka leo. Kabla yao wote waliohangaika na tatizo hili ni watengenezaji wa ndege za majini, maana tumbo la ndege hizo hupanda maji kama la boti. Mwanza yenyewe ilizijua mapema: tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, na sehemu yake ya mwisho ilitegemea ndege za kutua majini.

Kabla ya kutengeneza, ni lazima kuhakikisha kwamba tatizo ni hili na si jingine. Ziwa Victoria ni kubwa, kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini si la kina kirefu. Kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Upepo wa mchana unaovuma kutoka ziwani huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, na boti yoyote nyepesi itagongagonga juu yake. Kugonga huko hufuata mawimbi na hakuna mpangilio. Kurukaruka kwa kweli kuna mpigo wake, huanza mwendo ukifika kiwango fulani, na hukoma mwendo ukishuka chini ya kiwango hicho. Kwa hiyo jaribio lifanyike asubuhi kabla upepo haujaamka, nyuma ya kisiwa au ndani ya ghuba. Propela ikaguliwe pia, kwa kuwa magugu maji yaliyojizungusha kwenye shafti yake huleta mtetemo ambao dereva asiyezoea anaweza kuudhania kuwa kurukaruka.

Hesabu ya uzito inaeleza mengi kuliko wengi wanavyotarajia. Tuchukue boti ya alumini ya mita 4 yenye uzito wa kilo 120. Mashine ya nguvu za farasi 20 ya mipigo minne (four-stroke) ina kilo 50 hivi. Tangi la lita 25 likijaa petroli hukaribia kilo 20, betri kilo 15, dereva kilo 75, na vifaa vingine kilo 20. Jumla ni kilo 300. Mashine, tangi, betri na dereva kwa kawaida hukaa pamoja ndani ya mita moja ya mwisho, na hizo ni kilo 160: robo ya urefu wa boti inabeba zaidi ya nusu ya uzito wote, tena mzigo mzito kuliko boti yenyewe. Boti ya mbao ya urefu huohuo ingekuwa na mbao nzito za kusawazisha mzigo huo, alumini haina. Hapo ndipo dai la wepesi wa alumini linapokuwa na chembe ya ukweli, ila dawa yake si kuongeza uzito bali kuuhamisha. Tangi peke yake likisogezwa mita 2 mbele, kitovu cha uzito cha boti nzima husogea zaidi ya sentimita 13. Betri ikilifuata, umbali huongezeka kwa sentimita 10 nyingine. Bomba la mafuta refu zaidi na waya mnene wa betri ndivyo vinavyohitajika, pamoja na mikanda ya kufunga ili tangi lisirudi lenyewe. Dereva anayeshika mpini wa mashine kwa mkono naye anaweza kukaa mbele zaidi akiunga mpini kwa bomba la kurefushia. Maji yaliyotuama chini ya sakafu yasisahaulike: lita 50 ni kilo 50, na boti ikiinua pua yote hukimbilia nyuma, mahali pasipotakiwa.

Jambo la pili ni pembe ya mashine. Mashine ndogo huning'inizwa kwenye ukuta wa nyuma kwa vibano viwili vya skrubu, na kati ya vibano kuna pini ya chuma inayopita kwenye mojawapo ya vitundu vinne au vitano vilivyopangwa kwa safu. Pini ikiwa kwenye kitundu cha nje, mguu wa mashine hukaa mbali na boti, propela husukuma kwa kuelekea chini, nyuma hushuka na pua huinuka. Ikirudishwa ndani kitundu kimoja, mara nyingi kurukaruka hukoma papo hapo. Kazi hii haihitaji fundi, ila mashine izimwe na mguu unyanyuliwe. Zipo boti ambazo hata kitundu cha mwisho hakitoshi kwa sababu ukuta wa nyuma umejengwa wima mno. Hizo huwekewa kabari mbili za mbao ngumu au alumini kati ya ukuta na sehemu ya juu ya vibano, sehemu nene ikiwa juu, ili mguu uingie ndani zaidi. Kimo nacho kiangaliwe: bati pana lililo juu ya propela linatakiwa kuwa karibu sawa na mstari wa chini wa tumbo. Mashine ya mguu mrefu, iliyotengenezwa kwa ukuta wa sentimita 51, ikifungwa kwenye ukuta wa sentimita 38, bati hilo huzama mno na marekebisho mengine hayaleti matunda.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Pua iliyoshushwa, watasema wenye uzoefu wa ziwa, ni pua itakayochimba wimbi. Ni kweli, na boti inayorudi mwaloni huku mawimbi yakiisukuma kwa nyuma iko hatarini zaidi, kwa kuwa pua ikizama, sehemu ya nyuma husukumwa ubavuni. Lakini pingamizi hili halivunji hoja, linaiwekea mpaka. Pembe inayotakiwa ni ile iliyo chini kidogo tu ya pale kurukaruka kunapoanzia, na pini hurudishwa nje hali ikichafuka, kwa kuwa kwenye mawimbi hayo hakuna anayekwenda kwa mwendo wa kupanda maji. Wengine husema basi dereva apunguze mwendo, yaishe. Kama hatua ya dharura ni sawa kabisa, tena ya lazima abiria wakiwemo, kwa sababu mtu aliyeketi mbele anaweza kurushwa majini. Kama suluhisho ni ghali: mwendo wa katikati, pale boti imeinua pua lakini haijapanda, ndio unaokula petroli nyingi kwa kila kilomita.

Uzito na pembe vikirekebishwa na boti bado inaruka, basi tumbo lenyewe lichunguzwe. Boti igeuzwe, rula iliyonyooka ya mita moja na nusu ilazwe kutoka ukuta wa nyuma kuelekea mbele, sambamba na mkuku. Rula ikigusa ncha zote mbili na mwanga ukaonekana katikati, tumbo limebonyea ndani. Hilo hupunguza kasi na kushusha pua, na si kawaida yake kuleta kurukaruka. Rula ikiyumba juu ya uvimbe wa katikati, huku nyuma kukiwa na nafasi, tumbo limepinda kuelekea juu upande wa nyuma, na hapo ugonjwa umeonekana. Maji yanayopita kwenye mpindo huo huivuta nyuma chini, na pua huinuka. Katika ufuo wa Mwanza, wenye majabali ya graniti juu na chini ya maji, pigo moja linaweza kuleta umbo hilo. Bati la milimita 2 au 3 hupindapinda kwa joto la kuchomelea, kwa hiyo boti iliyoungwa kwa riveti ni bora itengenezwe kwa riveti: mbavu zilizovunjika zibadilishwe, bati lirudishwe taratibu, na mpindo mdogo uliobaki ufidiwe kwa vibati viwili vya pembe vilivyofungwa chini ya ukuta wa nyuma, vikishuka milimita chache. Ukuta wenyewe upigwe kwa nyundo ndogo. Mbao ya ndani ya ukuta ikioza hutoa mlio mfu, na ukuta laini huacha pembe ya mashine ibadilike kila dereva anapoongeza mwendo.

Mabawa ya plastiki yanayofungwa kwenye bati la juu ya propela huja mwisho, ingawa wengi huanza nayo. Yanafanya kazi, kwa kuwa huinua nyuma na kushusha pua, lakini yanaficha kasoro ya uzito badala ya kuiondoa, na mara nyingi huhitaji kutoboa mashine. Propela nayo ina lake hapa Mwanza. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa mashine ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, ile iliyofanya vizuri Dar es Salaam inafika hapa ikiwa na upungufu wa asilimia 11. Propela yenye hatua ndefu (hatua ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) iliyoifaa baharini huielemea ziwani. Boti huchelewa kupanda na dereva huisukuma pini nje akitafuta kasi, akalikaribisha tatizo kwa mkono wake. Propela ya hatua fupi zaidi hurudisha mizunguko.

Hubaki boti chache zisizotibika kwa njia hizi, nazo ni zile fupi zilizochorwa enzi za mashine za mipigo miwili (two-stroke). Mashine za farasi 15 za aina hiyo zilikuwa na kilo 36 hivi. Za mipigo minne huzidi kwa kilo 10 hadi 15, zote zikiwa zimening'inia nyuma ya ukuta. Mwenye boti ya mita 3 na nusu atapata utulivu zaidi kwa mashine ndogo na nyepesi kuliko kwa mabawa na kabari zote zilizopo sokoni.