Zari na Gota: Historia Fupi ya Pindo Linalong'aa

Katika kila sikukuu ya hekalu letu, mavazi ya sanamu takatifu na mavazi ya mama zetu hung'aa kwa pindo za rangi ya dhahabu na fedha. Majirani zetu hutuuliza zimetoka wapi. Katika kitabu hiki cha kumbukumbu tumeona vema kuwajibu, na kuwaeleza vijana wetu pia, kwa kuwa jambo hili limo hatarini kusahauliwa.

Jina zari latokana na neno la Kiajemi, zar, maana yake dhahabu. Mji uliosifika zaidi kwa kazi hii ni Surat, katika Gujarat. Akbar aliutwaa mji huo mwaka 1573, na bandari yake ikawa lango kubwa la biashara ya dola la Wamoguli, ambao majumba yao yalipenda sana nguo za dhahabu. Mafundi wa Surat walichukua mche wa fedha, wakaufunika kwa jani jembamba la dhahabu, kisha wakauvuta katika matundu yanayozidi kuwa madogo hadi ukawa waya mwembamba kama unywele. Waya huo ulibapwa, ukazungushwa juu ya uzi wa hariri. Ajabu ya kazi hiyo ni kwamba, hata waya ulipokonda kiasi gani, dhahabu ilibaki juu na fedha ndani.

Huko Rajasthan ilistawi kazi iitwayo gota. Huu ni utepe uliofumwa kwa waya bapa wa fedha au dhahabu, ukashonwa ukingoni mwa sketi pana za lehenga na mitandio. Mafundi pia huukata na kuukunja uwe majani na maua. Mtandio mwekundu wenye ukingo wa gota ndio tunaomtolea Devi hata leo. Utepe huo si pambo tu: huzuia ukingo usichakae, na uzito wake huufanya mtandio utulie kichwani. Nguo ilipochakaa, pindo lilifumuliwa likashonwa kwenye nguo mpya. Hivyo bibi harusi aliweza kuvaa pindo la nyanya yake.

Bahari ya Hindi haikuliacha pambo hili upande mmoja. Majahazi ya Gujarat na Kachchh yalileta nguo Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Na katika karne ya 19 nyumba ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kachchh, ilikodi ushuru wa forodha wa Unguja kwa miongo kadhaa. Kiswahili chenyewe ni shahidi. Zari na kasabu ni maneno ya Kiswahili, na mafundi wa Surat nao huuita uzi huo kasab. Majirani zetu walio na joho la babu lenye ukingo wa dhahabu, basi, wanayo historia iliyo ndugu na yetu.

Baadaye waya wa shaba uliopakwa fedha uliingia sokoni, na baada yake utando wa plastiki wenye rangi ya metali. Hatulalamiki: mapambo hayo ni mepesi na ya bei nafuu, na yamemwezesha mtu wa kipato kidogo kupendeza siku ya arusi. Lakini hasara ipo. Sari za zamani zenye zari halisi hununuliwa kwa uzito na kuchomwa moto ili fedha ikusanywe. Mfumaji hulipwa kwa kazi yake mara moja. Ikishaungua, hakuna wa kuirudisha.

Kwa hiyo twawasihi wanajumuiya wafungue masanduku yao kabla ya kuuza. Kwarua kidogo uzi uliochomoka: ukiona wekundu wa metali, huenda ni shaba, ukiona weupe, huenda ni fedha. Fungeni nguo hiyo katika kitambaa laini cha pamba, si mfuko wa plastiki. Badilisheni mikunjo yake mara kwa mara, na msiinyunyizie manukato, kwani huifanya zari kuwa nyeusi. Zaidi ya yote, waulizeni wazee waliivaa lini na nani aliwapa, mkaandike. Fedha ina bei yake kwa mizani. Jina la aliyelivaa pindo hilo halipimwi.