Binamu katika Mti wa Nasaba

Karani anayeandika nasaba huko Nkololo, Bariadi (iliyokuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi 2012), hukwazwa upesi na neno moja: binamu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni mwana wa ami tu. Katika Kiswahili limepanuka likawachukua pia watoto wa mjomba na wa shangazi. Hata hivyo, kwa wasemaji wengi wa bara mtoto wa baba mdogo si binamu hata kidogo, ni ndugu. Basi karani akiandika "ndugu" kati ya mume na mke, msomaji atadhani ndoa hiyo imevunja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Lakini sheria hiyo inawataja kaka na dada, haiwataji watoto wa ndugu wawili.

Tutazame nasaba ya Unguja. Sultani Khalifa bin Harub alikuwa mjukuu wa Thuwaini. Mkewe, Bibi Matuka binti Hamud, mjukuu wa Muhammad. Thuwaini na Muhammad ni wana wa Seyyid Said, hivyo wanandoa hao wote ni vitukuu vyake. Mwana wao Abdullah, aliyetawala 1960 hadi 1963, ni kilembwe wa Said kwa baba na kwa mama pia. Wachoraji wengi hapo huchora Said wawili, kana kwamba mzee alizaliwa mara mbili! Jina liandikwe mara moja, mistari miwili iishie kwake. Na penye uhusiano paandikwe "mtoto wa shangazi" au "mtoto wa baba mdogo", si "binamu" pekee.