Mwangaza chumbani hudhuru usingizi na afya

Kericho na Bomet, kaunti za majani chai zilizo karibu na ikweta, hupata giza la takriban saa 12 kila usiku, mwaka mzima. Giza hilo huujulisha ubongo kwamba wakati wa kulala umewadia, nao huachilia homoni iitwayo melatonini. Mwanga wa taa au simu, hasa ule wa samawati, huipunguza homoni hiyo na kuchelewesha usingizi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022 ulionyesha kwamba hata usiku mmoja wa kulala taa ikiwaka huongeza mapigo ya moyo na kuathiri udhibiti wa sukari mwilini asubuhi.

Walio hatarini zaidi ni wafanyakazi wa zamu ya usiku viwandani, kwani majani mabichi hayangoji mapambazuko. Mwaka 2007, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliorodhesha kazi hiyo miongoni mwa zinazoelekea kusababisha saratani, kikathibitisha hivyo mwaka 2019.

Anayelala mchana atundike pazia zito. Anayelala usiku azime taa na kuweka simu mbali. Koroboi nayo isiachwe ikiwaka, kwani moshi wake hudhuru mapafu.