Sufuria moja kwa watu wanne: jinsi vijana wa Nakivale wanaojitegemea Mbarara wanavyoweza kula vizuri

Kijana anayeondoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na kupanga chumba mjini Mbarara, kwa masomo au kwa kazi, huanza maisha ya kujitegemea akiwa na godoro, ndoo ya maji na sigiri moja. Mara nyingi haipiti miezi mingi kabla sigiri hiyo haijaachwa pembeni. Mchana hununua kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe. Jioni hununua roleksi. Na siku mfuko unapokuwa mtupu, hulala na chai na mandazi.

Ni rahisi kuwalaumu vijana kwa uvivu. Hata hivyo, anayepiga hesabu ya makaa ataona kwamba lawama hiyo si ya haki.

Makazi ya Nakivale, yaliyomo wilayani Isingiro, yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Leo yanawahifadhi pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na ndiyo sababu vijana huweza kuhamia mjini. Lakini msaada wa chakula hutolewa makazini, si mjini, na wenyewe umekuwa ukipungua. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgawo kwa asilimia 30. Mwaka 2023 familia zikagawanywa kwa kiwango cha uhitaji. Na mwezi Mei 2025 shirika hilo lilitangaza kwamba watu milioni 1 nchini Uganda wameondolewa katika msaada huo kwa ukosefu wa fedha. Zamani mama aliweza kuchota maharagwe katika mgawo akamfungia mwanawe aliye mjini. Sasa wengi hawana cha kuchota.

Makaa ndiyo yanayoamua

Maharagwe makavu ni miongoni mwa vyakula bora anavyoweza kumudu mtu mwenye kipato kidogo: yana protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi. Taabu yake ni saa nyingi za moto. Makaa ya kuivishia kikombe kimoja cha maharagwe hayatofautiani sana na ya kuivishia vikombe vinne. Kwa hiyo anayepika peke yake hulipa gharama ya moto wa watu wanne, kisha hubaki na kiporo asichokuwa na jokofu la kukihifadhi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Kwa hesabu hiyo, kikomando cha barabarani ni uamuzi wa mtu mwenye akili.

Njia ya kutokea ni majirani wanne kupika sufuria moja kwa zamu. Mmoja alete maharagwe, mwingine makaa, wa tatu mboga na mafuta, wa nne unga wa posho. Wavulana nao waingie zamu. Si wachache walioondoka kwa mama zao bila kuwahi kusonga ugali, na siku ya kujifunza ndiyo hii.

Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji hayo yamwagwe. Yachemshwe kwa moto mkali kwa angalau dakika 10 tangu yanapotokota, kwa kuwa maharagwe mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Baada ya kutokota kama nusu saa, sufuria inaweza kufunikwa vizuri na kuwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba na kufungwa blanketi. Joto lililomo huendelea kuivisha bila makaa. Anayechemsha alfajiri huenda darasani, na adhuhuri hukikuta chakula kikiwa bado cha moto. Hukirudisha motoni kitokote tena, kisha huunga. Kikapu hiki hufaa zaidi sufuria iliyojaa, maana sufuria ndogo hupoa upesi. Hiyo ni sababu nyingine ya kupika pamoja.

Sigiri isiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, hata mvua inaponyesha na hata makaa yanapoonekana kukaribia kuzimika. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini.

Mboga, ndimu na chai

Soko la Mbarara lina utajiri wa mboga za majani. Dodo, ambayo Mkongo huiita lengalenga na Mtanzania mchicha, huiva kwa dakika chache, hivyo haili makaa. Sombe ni habari nyingine. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Sharti yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kifuniko kabla ya kutiwa mafuta au karanga. Ni pishi la Jumapili, la kundi zima.

Kamulia ndimu au katia nyanya juu ya maharagwe na dodo, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai hufanya kinyume chake, basi ni vema isubiri saa moja baada ya mlo. Jambo hili lina uzito zaidi kwa wasichana, ambao hupoteza damu kila mwezi. Kiganja cha ndagara au mukene, wanaouzwa wakavu na kuliwa pamoja na mifupa yao, huongeza protini na kalisi kwa bei ya chini kuliko nyama.

Wasikilizaji walio mbali wanaomtumia mdogo wao fedha za chakula wanaweza kumwomba jamaa aliyeko Nakivale amnunulie sehemu ya fedha hizo maharagwe makavu, ndagara na karanga, msimu wa mavuno bei inaposhuka. Vihifadhiwe mahali pakavu, juu ya sakafu. Karanga au mahindi yaliyoota ukungu yatupwe, wala yasiokotwe na kuchambuliwa. Sumu ya ukungu huo haiishi kwa kukaangwa wala kuchemshwa.