Kauli ya Soko

Msomaji, ukifungua vitabu vingi vya historia utakuta humo majina ya wafalme, magavana na majemadari, pamoja na tarehe za vita na za mikataba. Hayo ni mambo yapasayo kujulikana. Lakini yule aliyekuwa akilima shamba lake wakati wa vita hivyo, au aliyekuwa akiuza ndizi siku mkataba ulipotiwa sahihi, aliwaza nini? Chombo kipya kilipoletwa, alikipenda au alikikataa? Alitendewaje dukani na ofisini? Alimshangilia nani uwanjani? Maswali haya aghalabu hayana majibu vitabuni, kwa sababu maoni ya watu wa kawaida husemwa tu, hayaandikwi. Husemwa sokoni, na jua likichwa hutawanyika pamoja na watu.

Insha hii yataka kukuonyesha kwamba maoni hayo yana uzito katika historia, kwani yamewahi kugeuza kazi ya vyombo na kuamsha sheria. Tutachukua mfano wa soko moja, nalo ni Gakoromone, katika mji wa Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa mashariki. Hapo hukutana mazao ya nchi za juu zenye baridi na mazao ya nchi za chini zenye joto: viazi na kabichi kutoka upande wa mlimani, ndizi za Imenti, maharagwe, mtama na maembe ya Tharaka. Na penye mazao mengi pana watu wengi, na penye wengi pana mengi.

Tuanze na mambo ya kale. Wameru walikuwa na baraza lao kuu la wazee, liitwalo Njuri Ncheke, ambalo hata leo lina makao yake Nchiru. Wazee hao huamua magomvi ya ardhi na kuhifadhi mila. Lakini Njuri Ncheke ni baraza la wanaume. Mwanamke hakuwa na kiti humo. Sokoni alikuwa nacho, maana biashara ya chakula ilikuwa mikononi mwake. Ndiye aliyejua bei ya nafaka ilipandaje mvua ilipokosekana, na ndiye aliyejua ni nani apimaye kwa haki na ni nani apunjaye. Akisema, wenzake walisikia. Na aliyetajwa kwa ubaya aliyaona matokeo yake katika kapu lake ambalo halikupata mnunuzi. Hukumu ya soko haikuhitaji askari wa kuitimiza.

Basi tutazame jinsi hukumu hiyo ilivyofanya kazi vyombo vya siku hizi vilipofika. Mfano ulio bora ni ule wa kupeleka fedha, kwa kuwa jambo hili liligusa karibu kila nyumba. Kijana wa Meru aliyepata kazi Nairobi au Mombasa alikuwa na njia chache za kumfikishia mama yake shilingi za karo au za dawa. Angeweza kununua hawala ya posta, na mama akasafiri hadi mjini kuipokea. Angeweza kumpa ndugu aliyekuwa akirudi nyumbani. Au angeweza kuzitia katika bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi. Kila njia ilikuwa na sifa yake na aibu yake, na watu walizijua zote. Posta ilikuwa salama, lakini ilikuwa mbali na foleni yake ilikuwa ndefu. Kondakta alikuwa mwepesi, lakini bahasha ilipopotea hapakuwa na stakabadhi ya kudaia.

Mwaka 2000 kampuni mbili, Safaricom na KenCell, zilianza kuuza huduma za simu za mkononi kwa umma. Miaka 5 baadaye, mwaka 2005, Safaricom na Vodafone ya Uingereza zilianza majaribio ya mpango wa kushughulikia fedha kwa simu. Yakumbuke vizuri makusudi ya watungaji wake. Walitaka watu waliokopa fedha kidogo kidogo waweze kulipa madeni yao bila ya kusafiri. Majaribio yakafanywa Nairobi na Thika. Lakini wale watu waliopewa chombo hicho walikipatia kazi nyingine. Walianza kutumiana fedha wao kwa wao: huyu akampelekea mkewe, yule akamlipa mwenzake, mwingine akaitia fedha katika simu yake kabla ya kusafiri ili asibebe noti mfukoni. Wenye kampuni walitazama, wakasikiliza, wakaubadili mpango wao. Machi 2007 M-Pesa ilipofunguliwa kwa nchi nzima, tangazo lake halikutaja mikopo. Liliwaambia watu watume fedha nyumbani.

Zingatia jambo hili, msomaji. Wataalamu ndio waliokiunda chombo, lakini kazi yake kubwa iligunduliwa na watu wasiokuwa na vyeo, kwa kujaribu na kusimuliana. Wakati ule mtu hakuruhusiwa kutuma zaidi ya shilingi 35,000 kwa mara moja, na wengi walituma kiasi kidogo sana kuliko hicho. Mabenki yalitia shaka, na Desemba 2008 serikali iliamuru mpango huo ukaguliwe. Mwanzoni mwa 2009 ikaeleza kwamba ulikuwa salama. Lakini mama muuza ndizi alikwisha toa hukumu yake kabla ya wakaguzi. Alikuwa amepokea shilingi 500 kutoka kwa mwanawe, akaenda kwa wakala, akazishika mkononi. Ushahidi gani mwingine ungemtosheleza zaidi?

Hata hivyo chombo peke yake hakimridhishi mtu. Baina ya mtu na mashine daima yupo mtu mwingine, naye ni mhudumu. Sikiliza malalamiko ya sokoni kuhusu simu na fedha, utaona kuwa mengi hayahusu mitambo. Yanahusu wakala asiye na fedha taslimu jioni, au karani anayemjibu mzee kwa ukali kwa sababu hajui kusoma maandishi ya kioo. Wahenga walisema biashara haigombi. Muuzaji wa Gakoromone alilijua hilo kabla hajasikia habari ya mafunzo ya huduma kwa wateja: humwita mteja kwa heshima, humpimia kopo likajaa, kisha humwongezea kidogo juu yake. Nyongeza hiyo ni ndogo kwa thamani, lakini mnunuzi huikumbuka wiki nzima, naye hurudi mahali pale pale.

Kipimo ndicho roho ya soko. Mtazame mkulima wa viazi. Huyu huuza kwa gunia, na kwa miaka mingi wanunuzi wakubwa walizoea kuongeza juu ya gunia hilo kipande kingine cha gunia au wavu, wakakijaza, wakakishona, hata gunia likavimba kama mgongo wa ngamia. Gunia la namna hiyo huitwa lumbesa. Bei ilikuwa ya gunia moja, lakini uzito ulikuwa wa gunia na zaidi. Wakulima walinung’unika Meru, walinung’unika Nyandarua na Nakuru, ambako viazi hulimwa kwa wingi. Manung’uniko hayo yalichukua muda mrefu kufika penye masikio, lakini yalifika: kanuni za mwaka 2019 ziliagiza viazi vifungwe katika mifuko isiyozidi kilo 50. Utekelezaji wake umekuwa mgumu, kwa kuwa mkulima mwenye shida huuza kwa yeyote ajaye na mfuko wowote. Hapa twajifunza kuwa maoni ya watu yaweza kuzaa sheria, lakini sheria nayo huhitaji watu hao hao waisimamie.

Nisije nikasahau michezo, maana hakuna jambo linalofungua vinywa kwa upesi zaidi. Mwaka 1968 Kipchoge Keino alipomshinda Jim Ryun wa Marekani katika mbio za mita 1,500 huko Mexico, redio ilileta shangwe ile hadi vijijini, na Mkenya wa kabila lolote akajiona mshindi. Lakini uwanjani pia soko hupima ahadi kwa vitendo. Uwanja wa Kinoru, mjini Meru, ulikuwa miongoni mwa viwanja vilivyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya mwaka 2018. Septemba 2017 Kenya ilinyang’anywa mashindano hayo kwa kuchelewa kujiandaa, yakachezwa Morocco. Kenya ilipoyapata tena Agosti 2025, pamoja na Tanzania na Uganda, mechi zilizochezwa Kenya zilichezwa Nairobi. Muuza viazi aliyengoja kuwauzia wageni chakula alikuwa na haki ya kuuliza, na swali lake ni sehemu ya historia ya michezo yetu kama yalivyo mabao.

Lakini, msomaji, usinielewe vibaya ukadhani kila neno la sokoni ni kweli. Wapo wasemao lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwanahistoria hawezi kutosheka na hilo. Sokoni hupita pia uvumi, na simu ile ile iliyoleta fedha huleta ujumbe wa mlaghai adaiye kuwa ametuma fedha kwa makosa, arudishiwe. Kwa hiyo pima maoni kwa maswali matatu. Je, msemaji amelijaribu jambo mwenyewe, au amesikia tu? Je, ana faida gani tukimwamini? Na wenzake walio katika hali kama yake wanasema nini? Maoni yakipita katika chujio hilo, yaandike bila ya hofu, hata kama msemaji hakuvuka kizingiti cha shule.

Kazi hii ni yako. Walio hai leo ambao walimkabidhi kondakta bahasha ya karo wanazidi kuzeeka, na maktaba chache sana zina habari zao. Jumamosi moja chukua daftari, nenda Gakoromone au soko lililo karibu nawe. Msalimu mama mmoja kwa adabu, mnunulie kitu kwanza, kisha umwulize: zamani fedha zilikufikiaje, na nani alikupunja, na nani alikutendea haki? Andika jibu lake kama alivyolisema, pamoja na tarehe ya siku hiyo na jina la soko.